Kilichoungua Kibondo

Mvua ilikuwa imenyesha juu ya majivu siku mbili mfululizo, lakini chini ya dirisha la nyuma udongo ulikuwa bado unanuka. Inspekta Shadia Ridhiwani aliinama, akachota donge la tope jeusi, akalinusa, kisha akampa Sajenti Niyibizi naye anuse.

"Petroli," alisema Niyibizi.

"Na radi haiji na petroli."

Mwanzoni mji mzima wa Kibondo ulikubaliana kwamba ni radi, mpaka watu walipomkumbuka mkimbizi aliyepita na chupa ya petroli. Jumamosi alasiri ngurumo zilitikisa milima, mvua ikapiga mabati kwa kelele ambayo hata watu waliokaa chumba kimoja hawakuweza kusikilizana. Majirani wa ghala la maktaba waligundua moto paa lilipoanguka. Walipovunja kufuli na kuingia, walimkuta Venanti, mtunza ghala, ameshakufa. Kufuli hilo lilikuwa limefungwa kwa nje.

Gari lilisimama barabarani. Sylvesta, meneja wa Wakala wa Maktaba za Nyanda, alishuka akiwa na koti la mvua na miwani, akaruka madimbwi kwa uangalifu hadi kwenye msingi wa ghala. Wakala wake ndio uliohudumia maktaba zote za Kibondo, Kasulu na Buhigwe.

"Inspekta, poleni na kazi. Nasikia yule Mrundi mmeshamkamata. Sasa bado mnachimba nini hapa?"

Niyibizi, ambaye babu yake alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa na mbuzi wawili, aliangalia pembeni.

"Nataka kujua kilichoungua," alisema Shadia.

"Vitabu. Vitabu vipya, ghala zima. Hasara ambayo hatutaifidia maisha yetu yote."

"Vilinunuliwa kwa pesa za nani? Nieleze taratibu, mimi sijui mambo ya maktaba."

Sylvesta alivua miwani, akaifuta. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo katika vikao vingi. "Mishahara yetu inatoka serikali kuu. Umeme, walinzi na matengenezo vinatoka kwenye mchango wa halmashauri, kila moja kwa mapato yake ya ndani. Vitabu ni vya wafadhili. Kila fungu lina kazi yake, na hairuhusiwi kuhamisha."

"Halmashauri zinachanga?"

"Zikikumbuka."

"Na wafadhili?"

"Wanatoa nusu kwanza. Nusu ya pili wanaitoa wakishaviona vitabu kwa macho yao."

"Walikuwa waje lini kuviona?"

Sylvesta alirudisha miwani usoni. "Jumatatu."

"Moto ukatangulia Jumamosi."

"Ni mkosi, Inspekta."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Kasulu. Tangu Ijumaa sikutoka Kasulu. Nilipigiwa simu usiku kuambiwa." Alitazama saa yake. "Nakuomba jambo moja. Marehemu ameacha mjane. Kila mnapochimba mnamtonesha. Na wakubwa wangependa hili liishe mapema. Nadhani hata wakubwa wako."

Aliondoka bila kusubiri jibu. Gari lake lilipopotea nyuma ya mikaratusi, Shadia alichukua koleo kutoka kwa askari aliyekuwa akilinda eneo.

"Tuanze karibu na mlango," alisema.

Karibu na mlango walikuta vitabu. Vilikuwa vimepangwa safu moja, na ingawa maboksi yake yaliungua, vitabu vyenyewe vilikuwa bado na umbo. Shadia alifungua kimoja. Kingo zilikuwa makaa, lakini katikati kurasa zilikuwa nyeupe na maneno yake yakisomeka.

"Kitabu kikibanwa na vingine moto hauwezi kukila chote," alisema. "Unakula pembeni, kati unakosa hewa. Nilishawahi kuona ofisi ya shule iliyoungua siku nzima, na bado tulitoa daftari zinazosomeka. Sasa nenda nyuma zaidi. Uniambie unaona nini."

Niyibizi alichimba hatua moja nyuma ya safu ile, kisha mbili, kisha akaenda hadi ukuta wa mwisho. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja. Alichokileta kwenye koleo kilikuwa mkaa mwepesi, mrefu kama kidole cha mtu mkubwa, wenye vishimo vidogo vilivyojipanga kwa mistari. Alikigeuza mara mbili.

"Gunzi la mahindi, afande."

"Na huko?"

"Magunzi. Kila mahali ni magunzi."

Shadia alisimama kwenye mvua iliyokuwa imeanza tena, akatazama safu moja ya vitabu iliyowekwa mbele ili mtu akisimama mlangoni aridhike.

* * *

Claude alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, magoti yameegemea kifua. Alikuwa mkimbizi wa kambi ya Nduta. Jumamosi mchana watu walimwona akipita karibu na ghala na chupa ya petroli mkononi, na alipokamatwa hakusema lolote. Ukimya huo ndio ulioonekana kuwa ushahidi mkubwa dhidi yake.

"Huongei kwa sababu ulitoka kambini bila kibali," Shadia alimwambia. "Hilo nimeshalijua, na silo lililonileta. Petroli ilikuwa ya nani?"

Claude aliinua uso. "Ya kinyozi, mukubwa. Pale kambini. Jenereta yake."

"Niyibizi atamuuliza. Sasa niambie, hili ghala ulikuwa unalijua?"

"Nilibeba maboksi pale. Wiki ile ya nyuma. Patron alikuja kututafuta, miye na mwenzangu."

"Patron nani?"

"Wa miwani."

"Venanti alikuwepo?"

"Hapana. Walisema ametumwa Muyama."

"Kila safari ulibeba boksi moja?"

Claude alitikisa kichwa. "Matatu, mukubwa. Mbili kwa bega, moja kwa kichwa. Kazi ilikuwa nyepesi, tulimaliza mbio."

Shadia alimtuma askari kwenye maktaba ya mji. Alirudi na boksi la ukubwa uleule, limejaa vitabu. Liliwekwa katikati ya chumba na Claude akaambiwa alibebe. Alilikumbatia, akanyanyuka nalo huku mishipa ya shingo ikimtoka, akalishusha baada ya hatua chache.

"Ongeza la pili begani," alisema Niyibizi.

"Nitavunjika, chef."

Shadia alimwambia akae. Kijana hakuelewa alichokuwa amekithibitisha, na Shadia hakumweleza. Alimwambia askari wa zamu ampe chai na mkate, na asimruhusu mtu yeyote wa maktaba kumkaribia.

"Afande," Niyibizi alisema walipotoka nje, "wizi tunao. Lakini wakili atasema meneja aliunguza magunzi yake bila kujua kuna mtu ndani. Kufuli lile unalibana tu, halihitaji ufunguo. Mtu anaweza kupita, akaona liko wazi, akalibana akaenda zake."

"Ndiyo maana tunakwenda kwa mjane."

* * *

Nyumba ya Venanti ilikuwa pembeni ya mji, mbele yake migomba, nyuma yake shamba la maharage. Wanawake wa msibani walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani. Niyibizi alisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, mama," na Kezia, mjane, akaitikia kwa sauti iliyokwisha kukauka. Aliwaingiza ndani, akafunga mlango.

"Polisi walishakuja," alisema. "Waliniuliza kama mume wangu alikuwa na maadui. Nikawaambia hapana. Yule mtu alikuwa hata mwizi wa kuku anamwita ndugu."

"Jumamosi aliondoka hapa saa ngapi?"

"Asubuhi. Alisema kuna jambo la maboksi anataka kulinyoosha kabla ya wageni kuja."

"Alikwenda na nini?"

"Baiskeli yake. Hakuwa anatembea, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu utotoni."

Shadia alikuwa ameshaiona baiskeli alipopita barazani. Iliegemea ukuta chini ya ukingo wa paa, ina tope kavu kwenye magurudumu na haina hata chembe ya masizi.

"Mama Kezia, kama alikwenda na baiskeli na hakurudi, nani aliileta?"

Kezia aliinamisha kichwa. Nje mtu alianza wimbo wa kanisani, wengine wakamfuata kwa sauti ya chini. Wimbo ulipofika mwisho, Kezia aliinua uso.

"Niliambiwa nikisema, mafao yake ya kazini yatakwama," alisema Kezia. "Nina watoto watatu wanaosoma, afande."

"Nani alikuambia?"

"Meneja."

"Yeye ndiye aliyeileta?"

"Kwa gari lake. Mvua ilikuwa ndiyo inaanza kukaza. Aliishusha mwenyewe, akalowa. Akasema Venanti anasafiri naye kwenda Kasulu kikazi, watalala huko, nisihangaike kumtafuta." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Nilimshukuru. Nikamtafutia na mwavuli. Baadaye, siku ya kuzika, akaniambia Venanti alishuka njiani, akarudi ghalani kwa miguu bila ruhusa. Akasema ikijulikana hivyo, watasema alikufa nje ya kazi, sitapata kitu. Na jeneza alilinunua yeye."

"Ulipopewa baiskeli, ulisikia watu wakisema kuna moto?"

"Bado. Moto tuliusikia baadaye sana. Hata chai ya jioni nilikuwa nimeshapika."

Niyibizi alikuwa akiandika maelezo. Kalamu yake ilisimama. Yeye na Shadia hawakutazamana, lakini wote wawili walikuwa wamefika mahali pamoja. Mtu aliyesema hakutoka Kasulu tangu Ijumaa alikuwa Kibondo Jumamosi alasiri. Alikuwa ameiondoa mlangoni pa ghala baiskeli ambayo ingemwambia kila mpita njia kwamba Venanti yumo ndani. Na aliiondoa kabla ya kuwasha moto.

* * *

Waliingia Kasulu mchana, ukungu ukiwa bado umeshuka hadi kwenye mapaa. Duka la Mzee Gharibu lilikuwa karibu na soko. Aliuza madaftari, sabuni, mafuta ya kula na kanga kutoka pwani alikozaliwa mama yake. Yeye ndiye aliyeshinda zabuni ya vitabu vya Wakala. Milango miwili kati ya mitatu ya duka ilikuwa imefungwa, na mwenyewe alikuwa amekaa gizani nyuma ya kaunta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo hatuuzi."

"Sikuja kununua." Shadia aliweka gunzi lililoungua juu ya kaunta. "Nimekuletea bidhaa yako."

Mzee aliliangalia bila kuligusa. Simu yake, iliyokuwa kando ya mizani, iliita. Akaiacha ikaita mpaka ikakatika.

"Mimi nilitoa maboksi matupu tu," alisema. "Maboksi ya sabuni, na yale machache ya mbele yenye vitabu kweli. Pesa ya zabuni ilipoingia kwangu, nilimrudishia meneja mkononi, nikabakiza fungu langu. Nilijua ni dhambi. Lakini kuua, Wallahi, sikushiriki."

"Venanti alijua lini?"

"Ijumaa. Alifungua boksi la nyuma, akanipigia." Mzee alishika ukingo wa kaunta. "Hakunitukana. Alisema, 'Mzee Gharibu, vijana wako wamekosea mzigo, wametuletea magunzi. Fanya haraka ulete vitabu kabla ya Jumatatu, wageni wasije wakakudhania mwizi.' Alikuwa ananionea huruma mimi."

"Na ulipokata simu ukampigia nani?"

Mzee Gharibu aliitazama simu kando ya mizani.

"Ulimpigia meneja," alisema Shadia.

"Nilitaka anieleze nifanye nini. Akasema nimwachie yeye."

Simu iliita tena. Niyibizi aliinama kuangalia jina, kisha akamgeuzia Shadia aone.

"Pokea," Shadia alimwambia mzee. "Weka spika."

Mzee alibonyeza mara mbili ndipo ikapokea. Sauti ya Sylvesta ilijaza duka, tulivu kama ilivyokuwa asubuhi kwenye majivu.

"Mbona hupokei? Wameshafika?"

Shadia alitikisa kichwa.

"Bado," alisema mzee.

"Wakija, wewe ulileta vitabu, ukakabidhi, ukalipwa. Basi. Ukiongeza neno, mzee wangu, kumbuka Venanti naye alikuwa na neno la kuongeza."

Simu ikakatika. Mzee Gharibu alibaki ameishikilia, machozi yakimshuka kwenye ndevu nyeupe. Niyibizi alimzungukia nyuma ya kaunta, akamsaidia kuvaa viatu.

* * *

Maktaba ya Kasulu ilikuwa na meza sita ndefu, na wanafunzi wa sekondari walikuwa wamezijaza zote. Rafu zilikuwa na vitabu vya zamani, migongo yake imebandikwa karatasi za khaki. Sylvesta alikuwa kwenye meza ya mapokezi, akimgongea msichana mmoja mhuri kwenye kadi ya kuazima. Alipomwona Shadia aliweka kidole mdomoni.

"Tuongee kwa sauti ndogo, Inspekta. Wana mitihani."

Shadia alimwambia mhudumu awatoe wanafunzi. Walikusanya mikoba yao wakinong'ona, wakatoka mmoja mmoja. Sylvesta aliwasindikiza kwa macho hadi wa mwisho. Niyibizi akafunga mlango, na mlio wa komeo ukamfanya meneja ageuke haraka.

Shadia hakukaa. Alimweleza kuhusu magunzi, kuhusu maboksi matatu kwa safari moja, kuhusu simu iliyosikika dukani. Meneja alisikiliza akiwa amekunja mikono, kama mtu anayesubiri mzungumzaji amalize ili atoe hoja yake. Shadia alipofika kwenye baiskeli, mikono ya meneja ilikunjuka.

"Kezia amesema?"

"Amesema, na maelezo yake yameshaandikwa. Mjane huyo tumemhamishia kwa jamaa zake pamoja na watoto. Hutampata."

Sylvesta alitazama meza tupu.

"Mwaka juzi chumba hiki kilikuwa kifungwe," alisema. "Halmashauri hazikuleta mchango hata moja. Umeme ulikatwa, mlinzi akadai mshahara wake mpaka akanishikia panga. Niliandika, nikaenda vikaoni, nikaambiwa nisubiri ushuru wa mazao. Pesa ya vitabu ilikuwa imelala benki, na hapa watoto wanasoma kwa mshumaa. Nikachukua kidogo. Nikalipa umeme, nikalipa mlinzi. Hakuna aliyeuliza. Hata nilisifiwa."

"Halafu?"

"Mwaka uliofuata nikachukua tena."

"Nyumba ya wageni ambayo watu wanakuona ukiijenga kule mlimani nayo ni umeme wa maktaba?"

"Hiyo ilikuja baadaye." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayekubali kosa dogo la hesabu. "Ukishajua mahali ambapo hakuna anayeangalia, Inspekta, mkono unaenda wenyewe."

"Jumamosi."

"Nilikwenda ili Venanti asaini kwamba amepokea vitabu vyote. Nilidhani nitamshawishi. Lakini alikuwa ameshajipangia maelezo yake kichwani. Aliniambia, 'Meneja, tumeibiwa, wewe na mimi. Twende polisi pamoja, mimi nitakuwa shahidi wako.' Akageuka kunionyesha maboksi aliyoyafungua. Mimi nikatoka, nikavuta mlango. Nikabana kufuli. Nilitaka muda wa kufikiri tu, haki ya Mungu."

"Ukapakia baiskeli yake kwenye gari. Ukaipeleka kwa mkewe. Ukapewa mwavuli."

Sylvesta alifumba macho.

"Huo ndio ulikuwa muda wako wa kufikiri," alisema Shadia. "Kisha ukarudi na petroli."

"Nilirudi."

"Alikuwa anapiga kelele?"

"Hapana." Alivua miwani, lakini safari hii hakuifuta, aliiweka tu juu ya meza. "Alisikia hatua zangu dirishani. Mvua ilikuwa kubwa, ikabidi asogee karibu na nondo ndipo nimsikie. Alikuwa anacheka, Inspekta. Alisema, 'Ah, meneja, afadhali umerudi. Ulinisahau ndani.'"

Niyibizi alikuwa ameshatoa pingu. Alisimama nazo mkononi, hakusogea.

"Ukamjibu nini?" aliuliza Shadia.

Sylvesta alinyoosha mikono yake mbele, yote miwili, kabla hajaambiwa.

"Nilimwambia avumilie kidogo," alisema. "Nilimwambia nakwenda kuchukua ufunguo."